Mpaka Kipenga cha Mwisho

Saa nane za usiku, baridi ikiwa kali na umande umeganda juu ya majani, honi ililia katikati ya mahema. Watu wakatoka mbio, wengine miguu mitupu, wengine wamejifunga mablanketi, wakajipanga mbele ya kijana aliyeshika tochi na orodha ya majina. Kila aliyetajwa aliitika. Asiyeitika aliandikwa.

Askari anayesoma habari hii atadhani kwamba hiyo ilikuwa kambi ya makuruta. Lakini hapakuwa na bunduki wala sare. Watu hao walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, mjini Durham, katika jimbo la North Carolina huko Marekani, nao walikuwa wakilinda nafasi zao katika foleni ya kuingia uwanjani kutazama mchezo mmoja tu wa mpira wa kikapu.

Desturi hiyo ilianza mwaka 1986. Kila mwaka, wiki kadhaa kabla ya timu yao kupambana nyumbani na Chuo Kikuu cha North Carolina, wanafunzi hupiga mahema katika kiwanja cha majani kilicho mbele ya ukumbi wa mchezo. Hema moja huwa la watu kumi na wawili. Mchana lazima awepo angalau mtu mmoja wa kulilinda, na usiku idadi iliyopangwa. Wasimamizi wa foleni huita majina saa yoyote waipendayo. Hema lisiloitika mara ya kwanza huonywa, na likikosa tena hupelekwa mwisho wa foleni. Tiketi hazilipiwi pesa kwa wanafunzi. Hulipiwa kwa usingizi.

Katika hema mojawapo, mwaka 2022, alikuwamo binti wa sajini mstaafu. Alikuwa akisoma mwaka wa tatu. Yeye hakuona tabu kuitwa jina usiku wa manane, kwa kuwa alilelewa katika nyumba za askari karibu na Fayetteville, mahali penye kambi kubwa ya jeshi. Shida yake ilikuwa nyingine. Baba yake mzazi alikuwa shabiki wa timu ya upande wa pili.

Vyuo hivi viwili vimeachana kwa umbali wa kilomita 16 hivi tu. Chuo cha North Carolina kiko Chapel Hill, ni mali ya umma, na kilianza kufundisha mwaka 1795. Duke ni chuo cha binafsi, kilichopata jina lake mwaka 1924 kutokana na ukoo uliotajirika kwa tumbaku na umeme. Wa kwanza huvaa buluu nyepesi kama anga la asubuhi. Wa pili huvaa buluu iliyokolea kama wino. Timu zao zilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1920, na tangu hapo zimekuwa kama jirani wawili wanaogombea mpaka wa shamba: hawapendani, wala hawawezi kuishi bila kuchunguliana.

Katika ukoo wa binti huyo, mapenzi ya buluu nyepesi yalianzia kwa babu. Mzee huyo alikuwa mpishi katika jumba la chakula la wanafunzi wa Chapel Hill, zama ambazo mtu mweusi aliweza kumpakulia mwanafunzi chakula lakini asiweze kukaa naye mezani. Mwaka 1966 kocha Dean Smith alimleta chuoni Charlie Scott, mchezaji wa kwanza mweusi kupewa masomo ya bure kwa ajili ya michezo katika chuo hicho. Tangu siku alipomwona kijana huyo akiruka uwanjani na watu weupe wakisimama kumshangilia, mpishi yule aliihesabu timu hiyo kuwa ni yake.

Tarehe 2 Machi 1974, siku ya Jumamosi, mpishi alibahatika kupata tiketi mbili za mchezo dhidi ya Duke. Akamchukua mwanawe, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Huyo ndiye aliyekuja kuwa sajini.

Mchezo ulikwenda vibaya. Zikiwa zimebaki sekunde 17, Duke walikuwa na pointi 86 na wenyeji 78. Siku hizo kikapu kilichofungwa kutoka mbali kilikuwa bado hakijapewa pointi tatu. Kila kikapu kilikuwa na pointi mbili tu. Mpishi akatazama saa ya ukutani, akahesabu, akamshika mwanawe mkono. "Twende," akasema, "tuwahi kabla magari hayajaziba njia."

Wakatoka. Walipofika nje walisikia ukumbi ukinguruma nyuma yao kama radi. Wakadhani ni Duke wanaoshangilia. Ukanguruma tena, kisha tena, na mara ya nne kishindo kilikuwa kikubwa hata mtoto akaziba masikio. Wakakimbilia garini na kufungua redio. Ndipo waliposikia kwamba zile pointi nane zilikuwa zimerudishwa zote: mitupo miwili ya adhabu, mipira iliyonyang'anywa, vikapu vya haraka, na mwisho kijana wa mwaka wa kwanza, Walter Davis, kuutupa mpira kutoka karibu mita tisa, ukagonga ubao na kuingia wakati saa ikiishia. Matokeo yalikuwa 86 kwa 86. Katika dakika za nyongeza Chapel Hill wakashinda 96 kwa 92.

Baba na mwana waliusikiliza ushindi huo wakiwa wamekaa garini, na tiketi zao mfukoni.

Mpishi hakusema neno njia nzima. Walipofika nyumbani alizima gari, akamwambia mwanawe, "Mwanangu, usiondoke tena kabla ya kipenga cha mwisho. Mimi nimekunyima kitu ambacho siwezi kukununulia."

Sajini alilishika neno hilo maisha yake yote. Alikaa jeshini miaka ishirini na zaidi, na watu waliofanya kazi naye walijua kwamba yeye hakuondoka mazoezini kabla ya mtu wa mwisho kufika. Kanisani alikaa hata baada ya baraka. Kwenye mazishi aliondoka wakati wenye koleo walipoondoka. Na mbele ya televisheni, hata timu yake iwe nyuma kwa pointi thelathini, hakuruhusu mtu kubadili stesheni.

Basi fikiria, msomaji, siku binti wa mtu kama huyo alipopata barua ya kukubaliwa na Duke pamoja na msaada wa karo yote. Sajini aliisoma barua ile akiwa amesimama. Akaisoma tena. Kisha akasema, "Hongera, binti yangu. Shule nzuri sana. Rangi mbaya." Mkewe alicheka hata akakaa chini. Baadaye mama huyo alieleza kwamba usiku ule mumewe alilia, na si kwa sababu ya rangi. Alikuwa akimkumbuka baba yake mpishi. Mzee huyo alizoea kumsimulia habari za Julian Abele, mchoraji mweusi wa majengo, ambaye mkono wake ulichora majengo ya Duke, na ukumbi wa mchezo miongoni mwake. Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1940, wakati chuo kilikuwa hakimpokei mwanafunzi mweusi hata mmoja. Wa kwanza wa ngazi ya shahada waliingia mwaka 1963. Sasa mjukuu wa mpishi alikuwa anaingia kwa mlango wa mbele.

Hata hivyo, ilipofika siku ya mchezo, nyumba iligawanyika. Binti aliigeukia buluu ya wino kwa moyo wote, kama vijana wanavyofanya. Baba na mwana walitupiana maneno kwa simu, mama akiwa mwamuzi. Kuhusu kocha wa Duke, Mike Krzyzewski, sajini alikuwa na msemo wake. Kocha huyo alihitimu mwaka 1969 katika chuo cha maofisa wa jeshi cha West Point, akatumikia jeshi miaka mitano na kufikia cheo cha kapteni, kisha akaifundisha timu ya chuo hicho kabla ya kwenda Duke mwaka 1980. Kwa Duke alikuwa ametwaa ubingwa wa taifa mara tano. "Ni ofisa hodari," sajini alikuwa akisema, "ila alipangiwa kikosi kibaya."

Krzyzewski alikuwa ametangaza kwamba msimu wa 2021 hadi 2022 ungekuwa wa mwisho kwake. Mchezo wake wa mwisho nyumbani uliangukia Jumamosi tarehe 5 Machi 2022, na mpinzani alikuwa Chapel Hill. Ndiyo maana mahema ya mwaka ule yalilindwa kama ghala la silaha.

Siku tisa kabla ya mchezo, simu ya binti ililia akiwa hemani. Alikuwa mama. Baba ameanguka bafuni. Moyo. Madaktari wa Fayetteville walikuwa wameagiza apelekwe Durham, katika hospitali ya chuo kilekile cha buluu ya wino, ili apasuliwe. Upasuaji ungefanyika siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya mchezo.

Binti akakunja mkeka wake wa kulalia. Aliwaambia wenzake kumi na mmoja kwamba anajitoa, wamtafute mtu mwingine wa kushika nafasi yake. Hakuna aliyejibu mara moja. Halafu msichana mmoja, mwenye kujipaka rangi usoni kila siku hata pasipo mchezo, akasema, "Nenda kwa baba yako. Sisi tutashika lindo lako." Wakachukua karatasi na kupanga zamu upya. Zamu zake za mchana wakagawana. Usiku alikuja pale tu idadi ilipopungua, akaitika jina, akarudi hospitali kwa miguu gizani, maana hospitali haikuwa mbali. Na kila jioni mmoja wao alipeleka chakula cha moto kwa mama aliyekuwa akingoja katika ukumbi wa wageni. Mama huyo hakujua mchezo, lakini alijua watu. "Hawa watoto," alimwambia mumewe, "wamelelewa."

Upasuaji ulichukua saa nyingi, ukaisha salama. Jumamosi asubuhi sajini alifungua macho vizuri, akatazama mirija iliyomzunguka, akatazama nembo ya hospitali kwenye shuka. "Nimetekwa," akasema kwa sauti ndogo.

Binti alimweleza kwamba hatakwenda uwanjani. Atakaa naye.

Sajini alifumba macho kwa muda. "Wenzako wamekulindia nafasi?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi si nafasi yako peke yako. Nenda. Mama yako yupo hapa." Akapumua. "Na usitoke kabla ya mwisho."

Saa kumi na mbili jioni binti alikuwa amesimama ubavuni mwa uwanja. Wanafunzi hawana viti pale. Husimama juu ya mabenchi ya mbao mchezo mzima, karibu na mstari kiasi kwamba mchezaji anayerusha mpira wa pembeni huhisi pumzi zao mgongoni. Ukumbi ni mdogo, wa watu 9,314, na joto lake jioni ile lilikuwa la tanuri. Karibu wachezaji mia moja wa zamani wa Krzyzewski walikuwa wamerudi kumuaga. Kila kitu kilikuwa kimeandaliwa kwa ajili ya sherehe, isipokuwa mpinzani kukubali kushindwa.

Chapel Hill hawakukubali. Kocha wao, Hubert Davis, alikuwa katika mwaka wake wa kwanza, naye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuiongoza timu ya wanaume ya chuo hicho. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: Duke walianza vizuri, wakaongoza, kisha katika kipindi cha pili miguu yao ikawa mizito. Wachezaji wanne wa Chapel Hill walifunga pointi ishirini au zaidi kila mmoja. Ilipobaki dakika moja, ukumbi ulikuwa kimya hata viatu vilisikika vikilia juu ya mbao. Mchezo ukaisha 94 kwa 81, wageni wameshinda.

Binti alitaka kuondoka. Koo lilimkauka, rangi usoni ilimchuruzika kwa jasho na machozi, na moyo wake ulikuwa hospitali. Mbele yake watu walianza kuelekea milangoni. Aliteremka kwenye benchi. Hapo akakumbuka gari lililosimama nje ya ukumbi mwaka 1974, na redio, na mtoto aliyeziba masikio. Akapanda tena.

Ndipo alipomwona Krzyzewski akichukua kipaza sauti. Mzee huyo wa miaka 75 hakungoja sherehe ianze. Aliwaomba radhi watu wake, akasema mchezo wa jioni ile haukukubalika, lakini msimu ulikuwa bado haujaisha. Hakumlaumu refa, hakumlaumu mchezaji. Kisha akasimama pale, mbele ya mkewe, watoto na wajukuu zake, akaipokea sherehe yake katika jioni ya aibu, kama ofisa anayepokea saluti baada ya vita alivyoshindwa. Binti alitazama mpaka mwisho. Alihisi kwamba, kama wangeshinda, asingemfahamu kocha huyo hata nusu.

Kisha akakimbia.

Alifika wodini akiwa bado na rangi ya wino mashavuni. Njiani alikuwa amejiandaa kwa dhihaka. Kwa miaka arobaini na minane sajini alikuwa amengoja ushindi wa namna ile, katika ukumbi ule, mbele ya watu wale. Redio ndogo ilikuwa karibu na mto wake, imezimwa. Alikwishajua matokeo, macho yake yalionyesha. Binti akasimama miguuni pa kitanda, akangoja.

"Ulikaa mpaka mwisho?" baba akauliza.

"Nilikaa, Baba."

"Vizuri." Akanyoosha mkono wenye sindano ya maji, akamfuta rangi kidogo shavuni kwa kidole gumba. Habari ya matokeo hakuitaja, si usiku ule wala siku zilizofuata. Mama anasema kwamba katika ndoa yao yote hajamwona mumewe akijizuia kiasi kile.

Wiki nne baadaye, tarehe 2 Aprili, sajini alikuwa nyumbani, amekaa kitini na mto kifuani. Ikatokea jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mashindano ya taifa yaanzishwe: vyuo hivi jirani vilikutana katika mashindano hayo, tena katika nusu fainali, mjini New Orleans. Daktari alikuwa amekataza msisimko. Mama aliketi katikati yao na kushika mkono wa kila mmoja, akisema anapima mapigo ya moyo. Zikiwa zimebaki sekunde kama 25, Caleb Love wa Chapel Hill alifunga pointi tatu kutoka mbali, na mchezo ukaisha 81 kwa 77. Huo ukawa mwisho wa kazi ya Krzyzewski, baada ya miaka 42 pale Duke.

Safari hii sajini alicheka, polepole, akishikilia mshono wake. Lakini furaha yake ilidumu siku mbili tu. Jumatatu, katika fainali, Chapel Hill waliongoza Kansas kwa pointi 15 wakati wa mapumziko, na bado wakashindwa 72 kwa 69. Sajini aliutazama mchezo wote mpaka Kansas walipokata nyavu za vikapu kwa shangwe. Binti yake, ambaye angeweza kwenda kulala mapema kwa furaha ya adui, alikaa naye. Hakutaja matokeo.

Mwezi Machi mwaka 2025 binti huyo, sasa mwalimu wa sekondari, alikwenda nyumbani kutazama nusu fainali ya mashindano ya ukanda wao iliyochezwa Charlotte. Katika kikosi cha Duke alikuwamo kijana mwenye urefu wa mita 2.18, Khaman Maluach. Sajini akauliza mrefu huyo ametoka wapi. Binti akamletea ramani na kumwonyesha Rumbek, Sudan Kusini, alikozaliwa. Kisha akateremsha kidole mpaka Kampala, kwa kuwa kijana huyo alikulia Kawempe, Uganda, na huko ndiko alikoanza kucheza mpira wa kikapu. Sajini akaitazama ramani kwa muda. "Huyo ametembea," akasema.

Duke waliongoza kwa pointi 24. Binti akainuka kwenda kumsaidia mama yake kupakua chakula.

"Keti," baba akasema.

Akaketi. Kidogo kidogo zile pointi zikaliwa, mpaka ikabaki moja. Chapel Hill wakatupa mpira wa adhabu, ukaingia, wakasawazisha. Mwamuzi akaufuta, kwa sababu mchezaji mwenzao alikuwa ameingia ndani ya eneo kabla ya wakati. Duke wakapona 74 kwa 71. Sajini akapiga goti lake kwa kiganja, kisha akaanza kucheka, na binti naye akacheka, chakula kikipoa jikoni na mama akiwaita kwa mara ya tatu.

"Kijana wako wa Kampala ataondoka msimu ukiisha," sajini akasema wakiwa mezani. "Siku hizi wanakaa mwaka mmoja tu. Zamani walikaa minne." Na kweli, mwezi Juni mwaka ule Maluach alichaguliwa wa kumi miongoni mwa vijana waliotakiwa na timu za kulipwa.

"Atakuwa amekaa mpaka mwisho wake, Baba," binti akajibu.

Sajini akatafuna, akafikiri, akakubali kwa kichwa. Kisha akamwomba mkewe chumvi, ambayo daktari alikuwa amemkataza, na mama akajifanya hakusikia.